Vumbi jeusi chumbani: niendelee kushona au niache?

Shangazi, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 33, naishi Langoni hapa Lamu katika nyumba ya mavyaa yangu. Nashona mabuibui. Nilianza na cherehani ya miguu aliyonipa mama siku ya harusi. Sasa nina mashine mbili za umeme na ovaloki moja, ile ya kupunguza na kufunga kingo za kitambaa, na binti wa wifi yangu, ana miaka 17, hunisaidia kukata na kutia shanga. Kazi yote naifanyia chumbani kwetu, maana ndicho chumba nilichopewa. Kitanda kiko upande huu, mashine upande ule, na kijana wangu wa miaka mitano hulala katikati, kwenye godoro.

Mwezi uliopita, asubuhi, nilikuwa nakata nida nyeusi, kile kitambaa laini cha mabuibui. Jua likaingia kwa lile dirisha letu jembamba, na ndani ya ule mwanga nikaona hewa imejaa vinyuzi. Si vumbi la kawaida, Shangazi. Ni vinyuzi vyeusi, vinapanda na kushuka, na mwanangu amelala chini yake mdomo wazi. Nikachukua kitambaa cheupe nikapangusa zidaka za ukutani. Kilitoka cheusi. Nikakumbuka kwamba hata nikipenga kamasi jioni hutoka nyeusi, na siku zote nilijiambia ni rangi ya nguo tu.

Nilimweleza kaka yangu aliyeko Mombasa. Akanitumia ujumbe mrefu wa sauti. Anasema hizi nguo zetu ni plastiki iliyotolewa kwenye mafuta, kwamba vinyuzi vyake vimekutwa ndani ya mapafu ya watu, na kwamba kama nampenda mtoto niache kazi hii leo. Kaka yangu si mtu wa porojo. Tangu siku hiyo silali. Nimeshusha mapazia, nimekunja zulia, na hata chandarua cha mtoto nimekitoa kwa sababu niliambiwa nacho ni cha poliesta.

Mtoto anakohoa usiku, sasa ni wiki ya tano. Mimi nakohoa nikiamka, halafu hupoa.

Nilimwomba mavyaa aniachie sabule, kile chumba cha wageni, nifanyie kazi huko. Sabule yake iko tupu mwaka mzima, hufunguliwa wakati wa Maulidi wanapokuja jamaa kutoka Faza na Siyu. Alinijibu kwa sentensi mbili: "Sabule ni ya wageni. Na nyumba hii ina umri kuliko hilo vumbi lako." Nikanyamaza. Mume wangu, ambaye kazi yake ni mashua na hukaa siku nyingi baharini, anasema nisigombane na mamake.

Kuacha si rahisi. Karo ya mkubwa inatoka kwenye mabuibui. Dawa za presha za mamangu zinatoka kwenye mabuibui. Na nitasema kweli, napenda kuwa na pesa yangu ambayo siombi mtu. Sipotezi kitu, hata vile vipande vinavyobaki huwashia mkaa, maana hushika moto upesi.

Nisaidie. Je, namuua mwanangu polepole kwa ajili ya riziki? Na huyu binti wa wifi yangu, nimwambie mamake? Akijua atamtoa, na peke yangu siwezi kumaliza oda za Idi.

Mshonaji, Langoni

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona mama aliyeogopa. Mara ya pili nikaona kwamba mama huyu amebeba mambo manne kwa pamoja na kuyaita jina moja, vumbi. Kuna vinyuzi unavyoviona kwenye jua. Kuna kikohozi cha mtoto. Kuna sabule na neno la mavyaa yako. Na kuna wifi ambaye hujamwambia kitu. Kila moja lina njia yake, na nahisi usingizi umekutoka kwa sababu unataka kuyafungua yote kwa ufunguo mmoja: niache kazi au nisiache.

Kabla ya yote, jambo moja ambalo sitalizungusha. Chandarua kirudishe leo kabla ya Magharibi. Ni kweli, vyandarua vingi vyenye dawa hufumwa kwa poliesta au poliethilini. Lakini hapa kwetu pwani malaria ni ugonjwa wa kila mwaka, unaojulikana, unaoua watoto wa umri wa kijana wako. Katika kumkinga na hatari ambayo wataalamu bado wanaipima, umemwondolea kinga ya hatari iliyokwisha kupimwa. Nakuelewa kabisa jinsi ulivyofika hapo. Hofu hufanya kazi kwa mikono miwili na haitazami inachokamata.

Sasa tuje kwa maneno ya kaka yako. Hakusema uongo. Nida, krepu na satini nyingi tunazovaa ni poliesta, na poliesta ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Mwaka 2022 watafiti wa Uingereza, katika mji wa Hull, walichunguza vipande 13 vya mapafu ya wagonjwa waliokuwa wakifanyiwa upasuaji, wakakuta plastiki katika vipande 11.  Kule Paris walipima hewa ya nyumba mbili na ofisi moja, wakahesabu kati ya vinyuzi 1 na 60 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa ya ndani, wakati nje havikufika viwili. Theluthi moja hivi ya vile vya ndani ilikuwa na plastiki, vingine ni pamba na vitu vya mimea. Kwa hiyo ulichokiona kwenye jua lako kiko katika nyumba za watu wengi duniani, ila kwako ni kingi zaidi kwa sababu unakata na kupitisha ovaloki humo humo.

Lakini sikiliza mahali ambapo ujumbe wa kaka yako uliishia mapema. Kukuta kitu ndani ya pafu ni jambo moja, na kujua kinafanya nini humo ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti juu ya haya mwaka huo huo wa 2022, likasema ushahidi uliopo hautoshi kuamua hatari yake kwa afya ya binadamu ni kubwa kiasi gani. Hilo halina maana kwamba hakuna hatari. Lina maana kwamba anayekwambia "unamuua mwanao" na anayekwambia "hakuna kitu hapo" wote wawili wamezidisha.

Mahali ambapo madhara yameonekana wazi ni viwandani. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani waliandika habari za wafanyakazi wa kiwanda katika jimbo la Rhode Island waliokuwa wakikata nailoni vipande vifupi sana, vile vya kubandikwa kwenye kitambaa kikawa na manyoya kama mahameli. Walipata kikohozi na kuishiwa pumzi, mapafu yao yakakutwa yamevimba kwa ndani. Kiwanda cha namna hiyo hiyo nchini Kanada kilikuwa kimeona wagonjwa pia. Wapo waliopata nafuu baada ya kuondoka kwenye vumbi lile. Nakueleza haya kwa sababu mbili. Kwanza, uone kwamba mapafu huweza kuumwa na vinyuzi vya plastiki vikiwa vingi na vidogo sana, siku baada ya siku. Pili, uone umbali uliopo kati ya mashine zile zinazokatakata nailoni saa zote na mkasi wako. Hauko salama kabisa, wala hauko Rhode Island.

Na kamasi nyeusi? Ile ni pua yako inafanya kazi yake. Unywele wa kichwa una unene wa mikroni 70 hivi, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kinyuzi cha poliesta huwa kati ya 10 na 20. Vingi unavyoviona kwenye mwanga hunaswa puani na kooni. Vya kuhofia zaidi ni vile vidogo ambavyo jua halikuonyeshi, vinavyofika chini. Hivyo vinatoka wapi katika chumba chako? Hapo ndipo naomba tuulizane.

Umenitajia mkaa unaouwasha kwa vipande vya nida. Umelitaja kama jambo la kujisifu kwamba hupotezi kitu, nami nakusifu kwa kutopoteza, lakini hapa moyo wangu ulishtuka kuliko mahali pengine popote katika barua yako, ukiacha chandarua. Poliesta ikiungua hutoa moshi mkali wenye sumu, wenye chembe ndogo kuliko kinyuzi chochote cha ovaloki. Moshi hauhitaji utafiti mpya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 peke yake. Je, jiko lenu liko wapi, na moshi wake unaelekea chumba gani? Tangu utoe chandarua, mnachoma ile dawa ya mbu ya mviringo? Maana kuna vipimo vilivyochapishwa mwaka 2003 vilivyoonyesha kwamba kuchoma moja hadi iishe hutoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Na udi, mwanangu. Najua nyumba ya Lamu haikai bila udi na ubani, na mimi mwenyewe nguo zangu hufukiza. Lakini chumba chenye dirisha jembamba, mtoto amelala, chetezo kinafuka: hiyo nayo ni hewa anayoivuta.

Sisemi kikohozi ni cha udi. Nasema umekwisha kumhukumu mshtakiwa mmoja kabla ya wengine kuletwa barazani. Kikohozi cha wiki tano kwa mtoto wa miaka mitano kinahitaji daktari, si mimi wala ujumbe wa sauti. Huenda ni pumu, huenda ni mzio, huenda ni mafua yaliyokawia, huenda ni kifua kikuu, ambacho kwetu hakiwezi kuachwa nje ya hesabu mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili. Vipimo na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali hapa Kenya ni bure. Nenda naye, nawe upimwe siku hiyo hiyo. Mwambie daktari kila kitu: unashona nini, chumba kipi, mtoto analala wapi, mnachoma nini. Na kama utaona siku usizoshona kikohozi chako hupungua, kisha kurudi ukirudi mashineni, liandike hilo pembeni ya daftari lako la oda. Daktari atalihitaji kuliko maoni ya watu wote.

Umeniuliza kama uache. Sitakuamulia, kwa sababu nikikosea ni wewe utakayelipa karo. Lakini naona njia zaidi ya mbili.

Unaweza kubaki hapo hapo ukabadilisha namna ya kazi. Washonaji wengi nawajua hupuliza ovaloki kwa mdomo ili kutoa manyuzi. Vumbi linaruka usoni na kutua kitandani. Brashi ndogo na kitambaa chenye maji hulikamata badala ya kulirusha. Fagio kavu hufanya kosa lile lile, kupiga deki ni afadhali. Panka ukiielekeza nje ya dirisha wakati wa kukata itatoa vumbi, ukiielekeza kwako italizungusha. Kitanda na godoro vifunikwe shuka wakati wa kazi, na shuka hiyo ikung'utwe nje. Kukata kufanyike mtoto akiwa chuo cha Kurani au shuleni, chumba kipate saa moja au mbili za kutulia na kupanguswa kabla hajalala. Barakoa inayobana uso vizuri husaidia mkataji, ingawa kwa joto letu utaivaa nusu saa uitupe, basi iwe ya wakati wa ovaloki na mkasi tu. Haya yote ni ya gharama ndogo. Hatari yake ni kwamba huchosha, na mtu huyafuata wiki mbili kisha oda za Idi zikaja.

Unaweza kupanda juu, kama nyumba yenu ina paa lenye makuti. Hewa ya huko haina mfano. Lakini kusi ikivuma, nida hupeperuka kabla mkasi haujafika nusu, na masika ikianza utashusha mashine kila wingu likipita.

Unaweza kukodi kibanda kwenye Usita wa Mui, ile njia kuu ya maduka mjini. Mtoto atalala kwenye hewa safi zaidi, wateja wataongezeka, ila kodi itakula mabuibui kadhaa kila mwezi, na mtoto atabaki na nani? Tena vibanda vingine ni vyembamba kuliko chumba chako. Utakuwa umemwondoa mtoto kwenye vumbi ukabaki nalo mwenyewe.

Wengine watakwambia uhamie pamba. Napenda pamba. Lakini usihamie kwa kudhani kila kilichotoka shambani hakidhuru. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba wamekuwa wakiugua kifua kwa vumbi la pamba tangu zamani, hata ugonjwa wao ukapewa jina lake, bisinosisi. Wengi hubanwa kifua siku ya kwanza ya wiki wanaporudi kazini. Na mteja anayetaka buibui la nida linaloanguka vizuri hatachukua la pamba kwa sababu ya mapafu yako. Hilo zulia ulilokunja, kwa upande mwingine, sina haraka ya kukwambia ulitandue. Mengi ya mazulia haya ya bei nafuu ni plastiki tupu, na mkeka wa ukindu chini ya mtoto hupanguswa kwa kitambaa kibichi kazi ikaisha.

Halafu kuna kuacha kabisa. Ni haki yako kulifikiria. Nakuomba tu ukilifikiria uweke mezani vyote viwili: mapafu, na ile sentensi yako kwamba unapenda kuwa na pesa usiyoomba mtu. Uliiandika kama unayeona haya. Usione haya. Mama asiye na kitu mkononi huchelewa hata kumpeleka mtoto hospitali, kwa kusubiri mashua irudi.

Imebaki sabule. Umesikia katika maneno ya mavyaa yako kwamba vumbi lako si kitu. Yawezekana. Mimi nilisikia jambo jingine. Mwanamke mzima aliyezeeka katika nyumba ya mawe, chumba alichobakiwa nacho cha heshima yake ni kile kinachofunguliwa wageni wa Maulidi wakija. Umemwomba chumba, naye huenda alisikia unamwomba nafasi yake. Je, ulimwambia kwamba mjukuu wake anakohoa usiku? Barua yako haisemi. Ulimweleza vinyuzi, au ulimweleza mtoto?

Pengine umpeleke chumbani asubuhi jua linapoingia, ukunjue nida, ukate mbele yake, unyamaze aone. Pengine ombi lenyewe liwe dogo: kukata na ovaloki tu ndiyo ihamie sabule, saa za asubuhi, na wiki tatu kabla ya Maulidi mashine zitoke, chumba kipakwe chokaa kwa pesa yako. Au aende mtu mwenye kusikilizwa, dada yake au mtu mzima wa ukoo, badala ya mumeo kuwekwa kati ya mama na mke. Kuna hatari humo: akikataa mara ya pili mbele ya mtu, itakuwa vigumu kuomba ya tatu. Na sabule iko karibu na mlango. Wateja wataingia na kutoka, jambo ambalo yeye na mumeo wana haki ya kulisemea. Wewe ndiye unayemjua, utapima.

Nakumbuka mwaka 2018 hapa hapa Lamu ilipoteremshwa majini ile Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa taka za plastiki na malapa yaliyookotwa fukweni. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Macho yetu yamezoea kuiona plastiki ya ufuoni. Ile ya chumbani imekuonyesha jua kwa bahati, nawe hukugeuza uso. Hilo silichukulii dogo.

Kuhusu binti wa wifi yako, hapo ndipo naona unaogopa zaidi, ndiyo maana umeliweka mwisho na kwa maneno machache. Ana miaka 17, ana mapafu yake, na anakaa kwenye ovaloki saa nyingi kama wewe. Ukinyamaza, utamaliza oda za Idi. Ukisema, huenda mamake akamtoa, na huenda pia asimtoe, akaja mwenyewe kuona dirisha, brashi na barakoa ulivyoviweka, akaridhika. Sijui wifi yako ni mtu wa namna gani. Jiulize tu akilisikia kwa kaka yako au kwa daktari kabla hajalisikia kwako, mtakaa vipi katika ukoo mmoja. Na msichana mwenyewe, kabla ya mamake, umewahi kumuuliza kama naye anakohoa?